Fundi wa Mabwawani na Nyanya za Mama Mkwe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake wa idara ya majitaka mliokuja moja kwa moja kutoka zamu na mabuti yenu: familia imekaa na kukubaliana kwamba wasifu huu usomwe na mdogo wake wa mwisho, yule wa kike, kwa sharti kwamba asitie chumvi. Amekubali. Chumvi iliyomo humu ni ile aliyoitia marehemu mwenyewe.

Marehemu, ambaye mjini alijulikana kama Fundi wa Mabwawani na nyumbani kama Kaka Mkubwa, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho, na jioni alirudi na makombo ya sabuni mfukoni, akayalowesha na kuyafinyanga mpaka yakawa donge moja la rangi tatu. Kwa hiyo watoto wa nyumba ile hawakuwa na viatu, lakini walinukia. Shuleni wenzake walimwita Sabuni. Alipotaka kulia, mama yake alimwambia, "Jikaze kisabuni, mwanangu," naye akajikaza. Tabia hiyo hakuiacha, na pengine ndiyo iliyomchelewesha kwenda hospitali, lakini hayo tutayafikia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho. Alikuwa na swali moja tu lililomkera mwalimu wa sayansi.

"Mwalimu, maji yakishaingia kwenye lile tundu la sinki, yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda."

"Wapi, mwalimu?"

"Yanakwenda zake! Kaa chini."

Hakukaa chini. Wakati wa mapumziko alimimina chupa nzima ya wino wa buluu kwenye sinki la walimu, akatimua mbio kuzunguka jengo ili ayaone yanatokea wapi. Yalitokea kwenye kabichi za mpishi wa shule. Mpishi alimkimbiza kwa mwiko mpaka relini, na mwalimu mkuu akaamua kwamba, kwa kuwa kijana anayapenda sana maji machafu, achimbe mtaro wa kuyapeleka mbali na kabichi. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya majitaka. Mtaro ule bado upo, na unapitisha.

Baada ya hapo alisoma ufundi bomba, 1973 hadi 1975, akazunguka na mafundi wa majengo kwa miaka michache, na Jumatatu tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa na idara ya majitaka, akapelekwa mabwawani. Kwa wale ambao hawajawahi kufika huko, na hatuwalaumu, ni mabwawa manne nje ya mji, yamezungushiwa seng'enge, yenye banda la pampu upande mmoja na vitanda vya kukaushia upande wa pili. Vitanda hivi si vya kulalia. Ni viwanja vya saruji vilivyotandikwa mchanga, ambamo tope zito linalobaki baada ya maji kuchujwa humwagwa ili likauke juani. Kila kitu ambacho mji unakitupa chooni na kusahau, kinafika pale, na pale hakisahauliki.

Alikwenda kwa mshonaji mmoja karibu na stendi kupimwa ovaroli ya kazi. Mshonaji alimpima bega mara mbili bila sababu. Ovaroli ilipokuwa tayari ilikuwa na mfuko wa ziada ndani, upande wa moyo, ambao hakuna aliyeuagiza. Marehemu hakuwa mwepesi wa mambo, lakini hilo alilielewa. Mshonaji huyo ndiye mjane aliyeketi hapa mbele yetu.

Sasa inakuja habari ya nyanya. Familia ilijadiliana kama isomwe au iachwe. Mama mkwe amesema isomwe.

Kwenye vile vitanda vya tope huota nyanya ambazo hazikupandwa na mtu. Mbegu ya nyanya ni ndogo na ngumu. Mtu huimeza mjini akila chakula chake, nayo hupita safari yake yote, tumboni na kwenye mabomba, ikafika mabwawani salama salimini na kuchipua ikipata jua. Hapo tunaomba radhi kwa mliokuwa mnawaza chakula. Marehemu, aliyekuwa amehamishwa juzi tu kutoka banda la pampu kwenda vitandani, alikuta nyanya nyekundu, kubwa, ngozi inang'aa, zinaoza bila mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwa makombo ya sabuni hawezi kuona kitu kizuri kinapotea bure. Jumapili moja ya Septemba 1982 alichuma kikapu kizima, akavaa shati lake la kijani, akaenda kujitambulisha nyumbani kwa mshonaji.

Mama wa mshonaji alikuwa mjane, na aliishi kwenye shamba la mboga kando ya kijito, pamoja na binti yake na mtoto wake wa kiume. Alipokea kikapu, akaigeuzageuza nyanya moja mkononi, akasema, "Hizi zina mkulima." Alizikata mbichi na vitunguu na chumvi, nyumba nzima ikala, na yeye mwenyewe akaongeza mara ya pili. Alipouliza zimetoka wapi, kijana alijibu, "Kazini, mama." Mama akadhani kazini kuna bustani. Mambo yakaenda kama yamepakwa mafuta.

Jumatatu asubuhi marehemu alimsimulia msimamizi wake, akitegemea kupongezwa. Msimamizi aliweka kikombe cha chai chini.

"Umewapelekea watu nyanya za kitandani?"

"Wakwe, mzee."

"Wamezipika?"

"Wamezila mbichi. Wamezipenda."

Msimamizi alimweka chini akamweleza. Kwamba tope hilo linabeba magonjwa ya mji mzima: kuhara, homa ya matumbo, na mayai ya minyoo, ambayo hayaonekani kwa macho, hushikamana na udongo na ngozi ya tunda, na yanaweza kukaa hai humo msimu hadi msimu yakimsubiri mtu. Ndiyo maana tope halitoki pale mpaka likauke, lipumzike, na lipumzike tena. Wenzake walimshauri kindugu: nunua dawa ya minyoo, itie kwenye chai yao kimyakimya, funga mdomo. Mchumba si umeshapata?

Hakuufunga. Aliondoka kazini vilevile alivyo, na mabuti yake, akavuka mji kwa miguu. Mjane wake amesikia mazungumzo yaliyofuata mara nyingi mno, kutoka pande zote mbili, na hayajawahi kutofautiana.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Mbona na mabuti? Kuna msiba?"

"Mama, zile nyanya za jana. Ziliota kwenye tope."

"Nyanya zote huota kwenye tope, baba."

"Tope la vyooni, mama."

"Choo cha nani?"

"Cha mji mzima."

Wanasema mama hakupiga kelele. Alitoka nje, akasimama kidogo karibu na kisima, akarudi na kanga yake begani. "Twende zahanati," alisema. "Na wewe unatangulia. Utawaeleza mwenyewe." Kwa hiyo Kaka Mkubwa alisimama mbele ya foleni ya zahanati, akiwa na mabuti, akaeleza kwa sauti ya kusikika alichowalisha wakwe zake watarajiwa, na kila mtu akapewa kidonge. Siku ile aliamini mchumba amekwenda na maji. Lakini wakati wa kurudi mama alimwambia binti yake, kijana akisikia: "Huyu atakuaibisha, mwanangu, lakini hatakudanganya. Olewa naye." Akatembea hatua chache, akageuka. "Ila chakula kutoka mkononi mwake, mimi sili tena. Asinikaribishe."

Alimkaribisha kwa zaidi ya miaka arobaini.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1983. Mama mkwe alikuja amependeza, akacheza kuliko wote, na chini ya kiti chake alikuwa na chakula chake mwenyewe katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Tangu hapo kila alipokuja kuwaona wajukuu alikuja na kikapu chake na chupa yake ya maji. Marehemu alisema, "Karibu mezani, mama." Mama alijibu, "Nimeshiba, baba." Kwa hesabu yetu, mama mkwe wa kaka alikuwa ameshiba tangu mwaka 1982.

Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini lilimuuma. Mdogo wake anayesoma hapa aliwahi kumkuta amekaa mbele ya sahani ambayo mama mkwe hakuigusa, anaifunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Siku moja atakula," alisema. Hakulalamika. Alikuwa anajua anachodaiwa, na alijua hakilipwi kwa maneno.

Alichofanya ni kunawa. Nyumba yake mnaifahamu: bomba liko nje kabla ya mlango, na pembeni kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyoning'inizwa. Nguo za kazi hazikuwahi kuingia ndani. Zilikuwa na sanduku lake uani, na mabuti yalisimikwa kichwa chini juu ya vijiti viwili. Alisugua kucha kwa brashi mpaka mke alimwambia atabaki bila vidole. Watoto walikuwa wanajipanga kizingitini wamenyoosha mikono hewani, wamekatazwa kumkimbilia, wanapiga kelele, "Umeshanawa, baba?" Akisema "Bado," walingoja. Akisema "Nimeshanawa," hapo ndipo nyumba ilipokuwa nyumba. Walikuwa watatu, mabinti wawili na mvulana, na hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu ya kazi ya baba yao.

Mwaka 1994 aliteuliwa msimamizi wa mabwawa. Na mwaka 1998 pampu mbili zilikufa kwa mpigo, vitanda vikajaa, na magari ya kunyonya vyoo yakakosa pa kumwaga. Madereva walipata njia ya mkato. Walianza kulipeleka tope likiwa bichi, linachuruzika, kwenye mashamba ya mboga kando ya kijito. Wakulima walishangilia. Ni mbolea iliyokuja yenyewe mpaka mlangoni, na kabichi zilinenepa mpaka zikapasuka. Mmoja wa wakulima hao alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na lori lilikuwa linamwaga kwenye mteremko, juu ya kisima cha mama mkwe.

Marehemu alipopata habari alikwenda na baiskeli, akaliwahi lori limeshageuza nyuma. Alisimama kati ya bomba la lori na shamba.

"Mzee, toka, nitakuogesha," dereva alisema.

"Nimeshaogeshwa na haya tangu hujazaliwa. Zima injini."

Shemeji alitoka shambani na jembe begani, uso umekunjamana. "Shemeji, mimi nimeomba. Kwani wewe unataka nipande nini, mawe?"

"Panda kabichi. Lakini hili halijapumzika. Lina minyoo, lina kuhara, mvua ikinyesha linashuka kwenye kisima cha mama."

"Mama anakunywa maji haya kila siku, hajafa."

"Na wanao?"

Hapo shemeji alishusha jembe, kwa maana wanawe wawili walikuwa ndani wanaharisha, na watoto wa jirani vilevile. Mficha maradhi, kifo humfichua. Marehemu alimleta bibi afya wa kata, mwanamke aliyejua kazi yake na ambaye kaka alimsikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi afya alichukua maji ya kisima kwenye chupa, akapima, na majibu yalikuwa mabaya kama ilivyohofiwa. Akafundisha wakulima: wachemshe maji, wavae viatu shambani, watoto wapewe dawa, na tope bichi lisiguse kabisa mboga inayoliwa mbichi. Marehemu naye aliwaahidi kwamba akishatengeneza pampu atalirundika tope kavu nyuma ya mabwawa, lipumzike mpaka misimu ya mvua ipite, kisha bibi afya alipime, na likiwa salama watalichukua kwa ajili ya miti yao ya matunda. Ilikuwa ahadi ya subira, na watu wenye njaa hawapendi subira, lakini walikubali kwa shingo upande. Mama mkwe alikuwa amesimama kisimani muda wote. Wakati marehemu anapanda baiskeli alimwambia, "Leo umefanya." Akamkaribisha maji yaliyochemshwa, naye akanywa. Alipomkaribisha yeye kwake Jumapili, mama alisema ameshiba.

Ahadi ile ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Kila rundo lilipoiva, bibi afya alilipima, wakulima wakaja na mikokoteni, na marehemu alisimama getini anachekelea kama anayegawa mahari. Ndipo mwaka 2006 bibi afya alipokuja na majibu yenye kitu kipya. Kulikuwa na karakana ya kuyeyusha betri chakavu iliyounganisha bomba lake kwenye mfereji wa mji, na tope lilikuwa limejaa risasi, yale madini ya kwenye betri, yanayomdumaza mtoto akili na kukaa kwenye mifupa.

"Tulipumzishe zaidi," marehemu alisema. "Misimu mingine miwili."

"Fundi, minyoo hufa kwa subira," bibi afya alimwambia. "Risasi haifi."

Mke wake anasema siku hiyo alinawa kwa muda mrefu sana, na watoto, ambao tayari walikuwa wakubwa, hawakuuliza kitu. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa limeshaiva. Wakulima walikuwa wameshaandaa mashimo ya miti. Yeye aliyewahubiria kungoja ndiye alikuwa anakwenda kuwaambia kwamba kungoja kwao kumekuwa bure.

Aliwaambia getini, amesimama peke yake. Walimtukana. Mmoja alimwita mchoyo wa kitu ambacho hatukitaji mbele ya wakwe, na kwa kweli ni tusi ambalo hakuna binadamu mwingine duniani angeweza kulistahili. Wengine walisema amekuta mnunuzi mwenye pesa. Maneno yakashuka mpaka kijitoni, yakafika kisimani, ambako wanawake walikuwa wanateka maji, na mama mkwe alikuwepo.

Hatukuwepo sisi, ila tumeambiwa na waliokuwepo. Mama aliweka ndoo chini. "Mkwe wangu alivuka mji mzima na mabuti kuniambia ukweli, wakati anatafuta mke na angeweza kunyamaza," alisema. "Kama hakunidanganya siku ile, atawadanganya ninyi leo ili apate nini?" Akabeba ndoo yake akaondoka. Rundo lile lilifukiwa kwenye shimo lililosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi, mbali na kijito, na karakana, baada ya marehemu na bibi afya kumaliza soli za viatu kwa kwenda na kurudi ofisini, ilikatwa bomba na kuamriwa isafishe maji yake yenyewe.

Marehemu aliposimuliwa maneno ya kisimani, alitoka nje akajidai anaangalia mabuti. Kisha akapika. Alipika mwenyewe, akanawa mpaka viwikoni, akaenda kumwita mama mkwe aje kula. Mama alikuja na kikapu chake.

"Mama, jamani, hata leo?"

"Ukweli ni ukweli, baba," mama alimwambia, "na tumbo ni tumbo."

Alistaafu Machi 2017. Mabwawani walimpa saa ya ukutani, nayo iligoma mapema kuliko yeye. Alianza kulima nyanya kwenye madebe barazani. Udongo aliuleta kutoka kilimani, mbali na bomba lolote, maji yalikuwa ya kunywa, na samadi hakutia hata chembe, ili asije mtu akauliza ya nani. Nyanya zilitoka ndogo na zenye makovu, hazifanani kabisa na zile za kitandani. Alizigawa kwa majirani wote. Ya kwanza kuiva katika kila debe aliiacha kwenye mche, na alipoulizwa alisema hiyo ina mwenyewe.

Mwaka 2023 alianza kuhema akipanda ngazi. Alisema ni uzee. Miguu ikavimba, akasema ni viatu. Alijikaza kisabuni mpaka Juni 2024, alipoanguka uani karibu na bomba, na daktari akakuta moyo umepanuka na umechoka. Alilazwa mara tatu. Daktari alikuwa mkweli kwake, naye alimshukuru kwa ukweli huo, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ile, ambao walivumilia kufundishwa na mgonjwa namna ya kusugua kucha.

Baada ya mwaka mpya hakutaka tena kula. Mke alijaribu uji, mabinti wakajaribu supu, mdogo wake akajaribu ubishi. Alifumba mdomo kwa upole na kugeukia ukuta. Ndipo mama mkwe, ambaye amevuka miaka themanini na mitano na anatembelea fimbo, alipoletwa kumwona. Alikuja na kikapu chake. Aliketi kando ya kitanda, akafungua chakula chake, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakukifungua ili ale yeye, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni kwa mkwewe.

Marehemu alimtazama, macho yakacheka kabla ya midomo.

"Nimeshiba, mama," alisema.

Mama alirudisha kijiko, akafunika bakuli, akasimama kwa taabu na kutoka barazani. Tulidhani amekasirika. Tulisikia bomba la nje linafunguliwa, maji yanakwenda kwa muda. Aliporudi alikuwa na nyanya ya kwenye debe, ile yenye mwenyewe, ndogo, yenye kovu ubavuni, bado inadondosha maji. Aliomba kisu na chumvi. Aliikata katikati, akanyunyizia, na mbele ya macho ya marehemu akala nusu yake yote, polepole kwa sababu ya meno, mpaka ngozi. Akapangusa kidevu. Kisha akamnyooshea nusu nyingine.

"Haya, baba. Mimi nimekula kwako. Sasa na wewe kula."

Alikula. Akalia, na safari hii hakujikaza, wala hakuna aliyemwambia ajikaze. Baada ya hapo aliweza kunywa uji kidogo kidogo, na siku zilizofuata zilikuwa za amani kuliko tulivyotarajia. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, mchana, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mke, mshonaji wa ile ovaroli, ambayo mfuko wake wa ndani umeshonwa kwenye nguo anayozikwa nayo. Ameacha mabinti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu wanne wanaojua kunawa kuliko madaktari, na wadogo zake watatu walio hai, mmoja wao huyu anayeshindwa kumalizia. Ameacha shemeji mmoja, ambaye siku hizi mboga zake zinanunuliwa na zahanati. Ameacha bibi afya, aliyestaafu, na mabwawa manne yanayofanya kazi. Ameacha kijito ambacho watoto wanaweza kutia miguu.

Na ameacha mama mkwe, ambaye amekataa kusimama kuzungumza hapa kaburini. Ametuma neno moja tu liandikwe mwisho wa wasifu huu, nasi tunaliandika kama alivyolisema: zile nyanya zilikuwa tamu. Hii ya juzi, na hata zile za kwanza.

Umeshanawa, Kaka Mkubwa. Ingia ndani, upumzike kwa amani.